Maski za springi kwa waamuzi wa besiboli: zinaokoa ubongo au meno tu?

#1 Mwl_BahiRoad
Wakuu, mbukwenyi.

Nina hoja, naomba muipige nyundo mpaka ikae sawa au ivunjike.

Nafundisha michezo sekondari hapa Dodoma mjini. Jioni tuna vijana wa besiboli na wasichana wa softiboli. Siku ya mechi mimi ndiye mwamuzi wa pleti, yule anayesimama nyuma ya mdakaji. Seti ya kinga tuliyonayo ni moja, na akiivaa mdakaji, mwamuzi anabaki na kofia ya jua. Sasa wazazi wamechanga wanunue vifaa vya mwamuzi, na mmoja wao ameng'ang'ania maski mpya zile zenye springi kati ya chuma na sponji. Anasema zinazuia mtikisiko wa ubongo.

Mimi napinga. Maski yoyote, ya springi au ya kawaida, kazi yake ni meno, pua na macho. Ubongo umo ndani ya fuvu, unaelea kwenye maji yake. Kichwa kikirushwa nyuma ghafla, ubongo unagonga ukuta wake wenyewe. Chuma kilicho nje kitauzuiaje? Bora tuchukue maski ya kawaida ya chuma, chenji iongezwe kwenye kinga ya kifua.

Nawasilisha.

#2 NimekaaMbele
Kiti cha mbele nimeshakiwahi. Wajuvi shusheni.

#3 Jouli_na_Niutoni
Mwalimu, salamu. Hapo kwenye "kitauzuiaje" ndipo pa kubishania.

Mpira wa besiboli una gramu 142 hadi 149. Ukija kwa kilomita 100 kwa saa unabeba nishati ya jouli 56 hivi. Ukija kwa 150, mwendo wa kawaida kwa warushaji wa ligi kuu ya Marekani, zinakuwa jouli 126. Mwendo umeongezeka nusu tu, nishati imezidi mara mbili na zaidi. Mzigo wote huo lazima uende mahali.

Springi haiufuti, inaurefushia muda. Abiria wa bodaboda anajua tofauti ya dereva anayekanyaga breki taratibu na yule anayeshtukia tuta: pikipiki imesimama kote kuwili, ila shingo haikutendewa sawa. Mpira ukichukua milisekunde chache zaidi kusimama, nguvu ya kilele inashuka, na kichwa hakirushwi kwa ghafla ileile. Ndiyo maana naona springi ina hoja.

Jambo jingine kwa ndugu zetu wanaokimbilia maski za titani: wepesi ule shingo inaupenda, lakini uzito wa chuma wenyewe unakula sehemu ya kipigo. Kuna waamuzi wengi wa Marekani waliokataa kuachana na chuma kwa sababu hiyo.

#4 Zabibu_Kavu
Naongezea kwa #3. Maski za springi zinazotajwa sana ni za kampuni ya Force3, na aliyezianzisha ni Jason Klein, ambaye mwenyewe alikuwa mwamuzi wa ligi ndogo Marekani. Mtu aliyekula fauli tipu usoni akikubunia kifaa, msikilize kwanza.

Kwa wasiojua, fauli tipu ni mpira uliokwanguliwa na gongo, ukabadili njia kidogo tu na kuendelea nyuma kwa kasi ileile karibu. Mdakaji hana muda wa kuhamisha glavu, na mwamuzi yuko nyuma yake. Hakuna macho yanayouwahi.

#5 Sikubali_Haraka
Kama vifaa vimeendelea hivyo, mbona waamuzi bado wanaumia? Mwamuzi Dale Scott alipigwa kwenye maski Toronto Aprili 2017, na hakurudi kazini tena. Alikuwa amepata mitikisiko mingine kabla ya hapo. Ligi kuu ile, kila kifaa duniani kiko mikononi mwao, na bado.

Namuunga mkono mwalimu. Maski inaokoa sura.

#6 Mdakaji_Mstaafu
#5 umesahau mtu mmoja katikati: mdakaji.

Kinga ya kwanza ya mwamuzi ni glavu iliyo mbele yake. Mwaka 2008 kule Los Angeles mwamuzi Kerwin Danley alipigwa kwenye taya na mpira wa mrushaji Brad Penny, akatolewa kwa machela. Haikuwa fauli tipu. Mdakaji alitarajia mpira wa kupinda, ukaja wa moja kwa moja, ukampita. Ishara zilikosana, basi.

Sasa mwalimu, vijana wetu wa sekondari wanapitwa na mipira mara ngapi kwa mechi moja? Hapo hujahesabu inayodunda kwanza kwenye udongo wa Dodoma wenye vikokoto, ikaruka pembeni. Kabla ya springi, wafundishe wadakaji kuzuia mpira kwa mwili, magoti chini, kidevu kifuani. Hayo hayana bei.

#7 Nesi_wa_Zamu
Habari za jioni wote. Mnazungumza vichwa tu, na mimi naomba mshuke kifuani.

Kipo kifo cha michezoni kinachotokana na kipigo cha kifua kisichovunja hata ubavu. Mpira ukitua juu ya moyo ndani ya kipande kidogo sana cha pigo la moyo, umeme wa moyo unavurugika na mtu anaanguka papo hapo. Besiboli ni mmoja wa michezo inayoongoza kwa visa hivyo. Na si lazima mpira uwe wa kasi ya kutisha. Majaribio kwa wanyama yalionyesha hatari kubwa iko kwenye kilomita 60 na kitu kwa saa, na hiyo ni kasi ya watoto wenu kabisa. Wanaopatwa zaidi ni vijana, kwa sababu kifua chao bado ni laini.

Kuanzia 2020 shule za sekondari za Marekani zinamtaka mdakaji avae kinga ya kifua iliyopimwa kwa kigezo maalumu cha hatari hiyo, kinaitwa ND200. Kabla ya hapo kinga nyingi zilizuia michubuko na mivunjiko, moyo haukuwemo kwenye hesabu.

Kwa hiyo mwalimu, ukinunua, soma lebo ya ndani. Na uwanjani awepo mtu anayejua kukandamiza kifua. Mtu akianguka hivyo hakuna kusubiri gari: mikono katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mwingine apige simu na kuulizia mashine ya kushtua moyo iko wapi. Wengi waliopona walianziwa hapohapo walipoanguka.

#8 Mwl_BahiRoad
Nesi, asante sana. Hili la lebo nalibeba kwa wazazi kesho.

#9 Mzee_wa_Kongwa
Hamjambo vijana. Mimi naufuatilia mchezo huu kwa miaka mingi, tangu kwenye redio na magazeti ya wageni.

Zamani waamuzi wa Marekani walibeba kinga ya kifua kwa nje, kubwa kama mto wa kulalia, wanaishika kwa mikono na kujificha nyuma yake. Hizi za kuvaa ndani ya shati zilianza mwaka 1977. Kabla ya hapo wote walikuwa na mto.

#10 Takwimu_Kwanza
Shikamoo mzee. Hapo naomba nirekebishe kidogo. Mwaka 1977 ni wa Ligi ya Amerika peke yake (ligi kuu ina mbili ndani yake: hiyo na Ligi ya Taifa), ndipo waamuzi wapya walipotakiwa kuvaa ya ndani. Ligi ya Taifa walikuwa nayo miongo mingi nyuma, na anayepewa sifa ni Bill Klem, aliyechezesha kuanzia 1905 hadi 1941. Na hata Ligi ya Amerika wazee waliokuwa na mto waliruhusiwa kuendelea nao. Wa mwisho alikuwa Jerry Neudecker, akastaafu nao 1985.

Utamu wake ni huu: kifaa kilibadilisha hukumu. Mwenye mto hawezi kujipenyeza kati ya mdakaji na mpiga, anasimama juu ya kichwa cha mdakaji, kwa hiyo mpira wa chini hauoni vizuri. Ndiyo maana ilisemwa kwa miaka kwamba Ligi ya Amerika waamuzi wake wanatoa straiki (mpira uliopita eneo halali la kupigwa) za juu na Ligi ya Taifa za chini. Sheria ilikuwa moja, nguo ndiyo ilitofautiana. Mtu akikuambia kinga ni suala la usalama tu, mwambie ni suala la haki pia. Mwamuzi anayeogopa mpira hufumba macho, na straiki haionekani kwa macho yaliyofumbwa.

#11 Mzee_wa_Kongwa
Marahaba mwanangu. Nimekupata. Huyo Klem ndiye mwamuzi Joe West alikuja kuivunja rekodi yake ya mechi, Mei 2021. Na West naye alibuni kinga ya kifua ya vigamba vigumu, kampuni ya Wilson wakaitengeneza kwa jina lake. Waamuzi wamejishonea wenyewe siku zote.

#12 Fundi_Nondo_Majengo
Wakuu, nimesoma wote. Swali langu la kifundi: kwa nini tuagize? Nipeni picha nzuri na vipimo. Nondo ya milimita 6 ninayo, mashine ya kuchomelea ninayo. Mpira una kipenyo cha sentimita 7 na kidogo, nafasi ya dirisha naiacha nusu ya hapo. Naikunja, naisugua, napiga rangi nyeusi isimwakie jua machoni. Shule moja napiga tano kwa wiki.

#13 Nesi_wa_Zamu
Kaka fundi, nia yako njema, lakini naogopa maungio. Chomelea ikiachia, kinachoingia usoni si mpira tena, ni ncha ya chuma.

#14 Fundi_Nondo_Majengo
Dada, mageti ya mji huu yanagongwa na malori na maungio hayaachii. Chomelea inaachia kwa fundi mwenye haraka.

#15 Jouli_na_Niutoni
Fundi, maungio nakuamini. Tatizo langu ni sponji. Utaweka nini?

#16 Fundi_Nondo_Majengo
Vipande vya godoro, nafunika na ngozi ya viti vya gari.

#17 Jouli_na_Niutoni
Hapo ndipo inapokufa. Sponji ya godoro ina matundu yaliyo wazi, hewa inatoka mara moja. Ibonyeze kwa kidole gumba uone: inalala mpaka chini bila ubishi. Mpira ukija, sponji inalala yote kabla kipigo hakijapungua, na chuma kinakutana na paji la uso. Inatakiwa ile ya matundu yaliyofungwa, ya jamii ya soli za kandambili. Ukiibonyeza inakusukuma. Wenzetu wanapanga tabaka: laini kuelekea ngozi, ngumu kuelekea chuma.

#18 Chamwino_Juu
Kandambili naunga mkono, ila ongezeni joto kwenye hesabu. Shule nyingi stoo ni bati tupu. Oktoba na Novemba ndani humo hapakaliki. Sponji zinakaa mwaka mzima zinaokwa, jasho la msimu uliopita limekaukia humo, zinakuwa ngumu na kupasuka. Kisha tunashangaa mwamuzi kapigwa mpira wa mtoto na kichwa kinauma mpaka usiku. Mimi nadhani nusu ya maumivu mnayoyalaumia maski ni sponji iliyokufa. Kucha ikiacha alama na alama isirudi, badilisha.

#19 Sikubali_Haraka
Sasa tuna sababu ngapi? Springi, uzito, mdakaji, sponji iliyokufa. Kila mtu na yake. Mimi nina kesi moja ya kuwasumbua: Ed Hickox. Mwamuzi wa Marekani, alipigwa 2005 akiwa na maski mpya kabisa ya Wilson, akaishtaki kampuni na kushinda, kwa sababu maski ilivunjika. Mpya! Kwa hiyo upya si kinga.

#20 Takwimu_Kwanza
Mkuu, kesi ni ya kweli ila sababu umeikosea. Maski haikuvunjika. Lalamiko lilikuwa kwamba kinga ya koo, kile kipande cha chini, ilielekea mbele badala ya kushuka chini. Mpira ulipotua pale, badala ya kuteleza ulinaswa, na nguvu yote ikapita kwenye taya. Hickox alipata mtikisiko wa ubongo na madhara ya sikio, usikivu ukapungua. Baraza la mahakama lilimpa dola 750,000 na mkewe 25,000, na rufaa ya 2013 ikaiacha hukumu hiyo.

Somo kwa fundi wetu: pembe ya nondo ya chini ni muhimu kuliko unene wake. Mpira unatakiwa uteleze.

#21 Mdakaji_Mstaafu
Na kinga ya koo yenyewe ilianza kwa ajali. 1976 Steve Yeager, mdakaji wa timu ya Dodgers, alikuwa anasubiri zamu ya kupiga, gongo la mwenzake likavunjika na kibanzi kikamwingia shingoni. Bill Buhler, mtu wa tiba wa timu, akambunia kile kipande cha kuning'inia chini ya maski. Kinachoning'inia kinayumba, hakinasi.

#22 Kofia_Nzima
Mbona hakuna anayetaja helmeti nzima, zile za mtindo wa makipa wa hoki? Zinafunika masikio na kisogo. Charlie O'Brien wa Toronto ndiye mdakaji aliyeziingiza ligi kuu 1996, waamuzi wakafuata. Gongo likimrudia mwamuzi kichwani baada ya mpiga kuzunguka nalo, maski ya kawaida haina kitu kisogoni wala utosini.

#23 Jouli_na_Niutoni
Ni kweli kwa gongo. Kwa mpira kuna wanaobisha: maski ya kawaida ikipigwa inazunguka au kuruka kichwani, inaondoka na sehemu ya kipigo. Helmeti iliyofungwa kidevuni inabaki, na kichwa kinakwenda nayo. Wenye helmeti wanajibu kwamba ule mviringo wake unafanya mpira uteleze, na ganda linasambaza nguvu. Nimewasikia waamuzi wazoefu wa pande zote mbili wakiapa.

#24 Mwl_BahiRoad
Hili la maski kuruka ndilo linanipa nguvu kwenye hoja yangu. Mikanda isibanwe kupita kiasi. Vijana wanaibana mpaka inaacha mistari mashavuni.

#25 Dada_Softi
Mwalimu shikamoo. Na mimi nina la kwetu.

Mpira wa softiboli ni mkubwa na mzito zaidi, gramu 178 hadi 198, na mrushaji wa wanawake yuko mita 13 tu kutoka kwenye pleti. Besiboli ni mita 18 na nusu hivi. Watu wanaona "softi" wanadhani ni laini. Mimi nachezesha mechi za wasichana, na kinga ya kifua niliyopewa ilikatwa kwa kifua cha mwanaume. Inapanda shingoni nikiinama, inaacha wazi chini ya mbavu, na mabegani inacheza. Kila nikichuchumaa naivuta chini kwa mkono wa kushoto, na huo mkono ulitakiwa uwe umefichwa nyuma ya mdakaji.

Agosti 2025 Jen Pawol alikuwa mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi ya msimu wa ligi kuu ya Marekani, kule Atlanta, na siku iliyofuata akasimama nyuma ya pleti. Alitokea kwenye udakaji wa softiboli. Kwa hiyo wazazi wakinunua, wanunue saizi mbili. Kinga isiyokukaa ni mzigo.

#26 Nesi_wa_Zamu
Dada Softi umenena. Inayopanda shingoni inaacha moyo wazi.

#27 Kriketi_Kwanza
Samahani kwa kuingia na mchezo wa jirani. Baada ya mpiga wa Australia Phillip Hughes kupigwa na mpira shingoni Sydney Novemba 2014 na kufariki siku mbili baadaye, helmeti za kriketi zikaongezewa kinga ya shingo nyuma. Na mwamuzi Bruce Oxenford wa Australia alianza kusimama na ngao ya plastiki ngumu mkononi mwaka 2016, ngao kabisa. Besiboli waamuzi wa besi wamesimama na kofia ya kitambaa mpaka leo. Mnawasahau hao.

#28 Zabibu_Kavu
Kweli tumewasahau. Aprili 2023 mwamuzi Larry Vanover alikuwa upande wa besi ya pili kule Cleveland, mpira uliorushwa na mchezaji wa ndani kurudisha pleti ukamgonga kichwani, akalazwa. Makocha wa besi wao wanavaa helmeti tangu 2008, baada ya kocha Mike Coolbaugh kufa 2007 kwa mpira uliopigwa, ligi ndogo. Kocha amesimama pembeni ana helmeti, mwamuzi wa besi hana. Hapo sielewi kabisa.

#29 Sikubali_Haraka
Kwa sababu helmeti inazuia masikio, na mwamuzi wa besi ya kwanza anasikiliza mpira ukiingia kwenye glavu huku macho yako kwenye mguu.

#30 Kofia_Nzima
Kocha naye anasikiliza. Hiyo si sababu, ni mazoea.

#31 Chamwino_Juu
Mwalimu, mpaka vifaa vifike, simama nyuma ya mrushaji. Sehemu nyingi zenye mwamuzi mmoja asiye na kinga ndivyo wanavyofanya. Straiki za pembeni utaziona vizuri tu, za juu na chini zitakusumbua kidogo. Mpira uliopigwa ndio wa kuogopa pale, kwa hiyo kaa upande, usikae mgongoni mwake.

#32 Mwl_BahiRoad
Hilo tunaanza nalo Jumamosi. Kuhusu springi bado sijahama, ila nimewasikia #3 na #4. Wazazi nitawapelekea mambo matatu: kinga ya kifua yenye kigezo alichosema nesi, saizi ya Dada Softi, na sponji za akiba. Maski tutaibishania kikaoni.

#33 Jouli_na_Niutoni
Kikao kikiwa wazi nakuja na mizani na mpira.

#34 Dada_Softi
Swali dogo kabla hamjafunga: mwenye rasta ndefu mikanda ya nyuma anaipitisha wapi? Nikizifunga juu maski inakaa chini, nikiziachia mkanda unateleza kila inning (kipindi cha mchezo).

#35 Mdakaji_Mstaafu
Fungia chini, usawa wa kisogo, mkanda wa juu upite juu ya fundo na wa chini upite chini yake. Fundo lenyewe linaushika.

#36 Fundi_Nondo_Majengo
Dada Softi, nipe mzunguko wa kichwa chako ukiwa na rasta na bila rasta. Nondo naanza kukunja leo, soli za kandambili nimeshaagiza kijana Sabasaba. Mwalimu njoo na mpira tuirushie ukutani kabla haijavaliwa na mtu.